Nyumba ya Nalangu Isitoke ya Kuchezea

Saa moja asubuhi, ukungu unaanza kuondoka Ngorongoro. Radhia Abdulwahabu anapiga picha nyumba ya udongo, anasogeza kamera kulia upana wa kiganja, anapiga tena.

"Ya kwanza umekosea?" anauliza Nalangu, mwenye nyumba.

"Hapana, yeyo," anajibu Radhia, akimwita mama kwa Kimaasai. "Moja ya jicho la kushoto, moja ya jicho la kulia."

Radhia ana duka la picha mjini Karatu. Picha za paspoti ndizo zinazomlisha. Hizi za jozi, ambazo mtu huzitazama kwenye kisanduku chenye lenzi mbili akaona kina kana kwamba amesimama palepale, hazirudishi hata nauli.

Kazi yote iko kwenye kusogea. Kitu cha karibu kikiwa hatua thelathini, kamera husogea hatua moja. Kikiwa karibu zaidi, anapunguza.

Mwaka juzi, kule Buger, alisogea mno. Nyumba ya mkulima Marsela ikatoka kama ya kuchezea watoto.

"Humo ndimo nimelea watoto sita?" aliuliza Marsela, akamrudishia kisanduku chake.

Hapa kosa hilo lingeuma zaidi. Tangu enzi za wazazi wetu wapita njia wamezipiga picha nyumba hizi wakiwa ndani ya magari, wakaziuza kwenye kadi, na mama aliyejenga hakupewa hata moja. Wao wamesahau. Sisi bado.

Nalangu aliijenga hii mwenyewe akiwa msichana, akaikandika kwa samadi mwaka hadi mwaka. Kesho kutwa anahamia Wasso kwa binti yake, Namunyak, aliyekuja kumchukua. Miguu imegoma, na nyumba isiyokandikwa haivuki masika. Anataka aondoke nayo pichani. Anautaka na mlima ulio nyuma.

"Mlima unataka nisogee sana," anasema Radhia. "Nikisogea, nyumba itanywea."

"Mama, mlima hata Wasso iko," Namunyak anamtania. "Chagua."

Nalangu anautazama mlima. "Huo haukuniumiza mgongo. Piga nyumba."

Radhia anarudia kiganja kilekile. Katikati ya picha mbili mbuzi anapita mlangoni, jozi imeharibika. Wanangoja atoke. Radhia anaanza upya.

Anahamishia picha kwenye simu ya Namunyak, anaiweka ndani ya kisanduku, anampa Nalangu. Bibi anakitia machoni. Taratibu anainamisha kichwa, kama mtu anayepita mlango mfupi.

"Ndiyo yenyewe," anasema.

Radhia anafunga mfuko wa kamera. Anataka arudi kwa kupitia kijiji cha Daa kabla ya mvua.

"Na kisanduku ninamwachia mwenye nyumba," anasema. "Dukani kwangu hakirudi."