Kipande Alichokificha Furaha

Harufu ya samaki wa chumvi iliyochanganyika na petroli hunirudisha utotoni upesi kuliko picha yoyote. Nikikutana nayo sokoni, mimi mwanamke mzima mwenye watoto, husimama na kutazama nyuma kana kwamba mtu ameniita. Ilikuwa harufu ya gari letu, jeep kuukuu ya rangi ya kijani ambayo Papa, baba yangu, aliinunua kwa mjane mmoja. Marehemu mume wake alikuwa akisafirisha samaki kutoka Vitshumbi, kijiji cha wavuvi, kuja Goma, na samaki wale hawakukubali kuhama. Mama aliisugua kwa sabuni na majivu siku tatu mfululizo, akatandaza maganda ya ndimu chini ya viti, lakini mvua iliponyesha harufu ilirudi na nguvu mpya. Pale Ndosho tulipokaa, majirani walijua Papa anakaribia kabla hawajamwona. Mama alikuwa akisema ameolewa na mwuza maharage lakini analala na mvuvi.

Papa alikuwa mtu wa Butembo, na sisi wa Butembo husemwa kwamba hata kivuli chetu tunakinunua kwa kupatana. Alimwendea yule mjane mara tatu, na mara zote alinichukua, labda kwa sababu si rahisi kumdanganya mtu mbele ya binti yake. Mara ya kwanza alisalimia tu, akanywa chai, akalitazama gari kama mtu asiye na haja nalo. Mara ya pili alilala chini yake na koti la Jumapili, akagonga vyuma vya tumboni kwa nyundo ndogo, kimoja kimoja, huku ametega sikio. Chuma kizima hulia, alinieleza, kilicholiwa na kutu hukohoa. Mara ya tatu alifika asubuhi bila taarifa, akaweka kiganja juu ya injini kabla haijawashwa, kwa maana mwuzaji anayeipasha injini moto mapema ana ugonjwa anaouficha. Injini ilikuwa baridi. Mama alimwonya kwamba rahisi huvunja upishi, lakini Papa alikuwa ameshapenda. Siku ya kulichukua, mjane alipapasa boneti kwa mkono wake wote. “Papa, hii mutuka inapenda batu,” alisema. “Usiibebeshe bintu tu.” Kisha akampa kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa mpira, lenye vipuri vidogo vya marehemu. Papa alilifungua palepale, akavitazama kimoja kimoja, akacheka kwa furaha na kusema kwamba mama huyu amempa gari la pili ndani ya kopo. Tulipofika nyumbani aliliweka juu ya kabati, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuligusa.

Kulimiliki gari lile kulikuwa sawa na kumtunza mgonjwa mwenye moyo mzuri. Barabara za Goma ni mawe ya mlima wa moto yaliyopoa, hutafuna matairi na kulegeza kila kilichokazwa, kwa hiyo kila Jumamosi Papa alikuwa mvunguni. Tangi lilipovuja alilikandika sabuni ya mche, akaibonyeza kwa kidole gumba mpaka petroli ikasalimu amri. Rejeta ilipotoboka alivunja mayai mawili ndani yake, na Mama akasimama mlangoni akihesabu wanawe ambao wangeyala. Mipira ya ndani ya matairi yaliyokufa ilikatwa kuwa mikanda, vizibo na vipande vya kutuliza kelele za milango. Betri ilikuwa dhaifu, basi aliliegesha gari kwenye mteremko wa lango na jiwe chini ya gurudumu, ili asubuhi literemke na kuwaka lenyewe. “Usipoziba ufa utajenga ukuta,” alikuwa akisema kila alipotoka mvunguni, uso mweusi kwa grisi, na mimi nilimwamini kwa kila kitu. Alikuwa mtu mzuri. Naliandika hilo mapema kwa sababu huko mbele litakuwa gumu kuliandika.

Msimu mmoja wa mvua, nikiwa na miaka tisa, habari zilianza kushuka kutoka milimani pamoja na watu. Kila siku familia zilipita mbele ya lango letu na magodoro vichwani, zikielekea kambi ya Mugunga. Watu wenye bunduki walikuwa wakisimamisha magari barabarani, na hawakuchukua gari peke yake, walimchukua na dereva wake awaendeshee. Baadhi ya madereva walirudi kwa miguu baada ya wiki kadhaa. Wengine wake zao walizeeka wakingoja. Katika mtaa wetu wanaume walianza kuyalemaza magari yao wenyewe: huyu alifungua magurudumu na kuliweka gari juu ya mawe, yule alizika betri chini ya mihogo. Papa alichagua njia iliyo safi zaidi. Alifungua kofia ya delko, ile inayogawa moto kwa plagi, akatoa rota, kipande cheusi kinacholingana na kidole gumba chenye ulimi wa shaba juu yake. Bila hicho injini huzunguka tu bila kuwaka. Akanikabidhi mimi, kwa kuwa hakuna askari atakayempekua mtoto wa kike. “Masika, hii njo roho ya mutuka,” aliniambia. “Bakikuuliza, hujui kitu.”

Siri hiyo ilikaa kwangu mpaka saa nne asubuhi, nikaenda kumwambia Furaha. Furaha alikuwa rafiki yangu wa nyumba ya pili, rika langu, mtoto wa familia iliyotoka upande wa Bukavu. Baba yake, karani, alikuwa amekwama huko msimu ule, na mama yake alikuwa peke yake na watoto. Viwanja vyetu viligawanywa na ukuta wa mawe meusi ya volkano yaliyopangwa bila simenti, wenye matundu mengi na mijusi mingi zaidi. Tuliifunga rota uzi mwekundu tuliouchomoa kwenye pindo la shuka, kisha tukaifanya mchezo: mmoja anaificha ukutani, mwingine anaitafuta, na anayeshindwa atachota maji ya wote wawili. Jumamosi moja ilikuwa zamu yake kuficha. Nilitafuta alasiri nzima, nikatia mkono kila tundu nililolifikia, nikakosa. Furaha aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akicheka mpaka akashika mbavu. “Kesho, kisha misa, nitakuonesha,” alisema. Nilichota maji yake nikiwa nimenuna.

Kesho yake hakuja misa. Alikuwa ameamka na homa, na jua lilipofika utosini mwili wake ulianza kukakamaa na macho kugeuka. Mama Furaha aliingia uani kwetu amembeba mikononi, miguu ya rafiki yangu ikining’inia na kiatu kimoja tu. “Papa Masika, mutoto ananiponyoka! Washa mutuka!” Papa aliinuka. Nakumbuka alimtazama Mama kwanza, kitambo kidogo tu, ndipo akanigeukia mimi. “Masika, kale kakitu kako wapi?” Nikasema ukweli: “Ni Furaha njo alikaficha.” Nilikimbilia ukutani, nikang’oa mawe mpaka kucha zikatoka damu. Nikarudi, nikaweka mdomo sikioni mwa Furaha, nikamwita, nikamwuliza aliitia wapi. Alifungua macho, lakini hayakumtazama mtu yeyote. Papa akasema kwa sauti iliyosikika uani kote, na majirani walikuwa wameshajaa: “Mutuka haiwezi kuwaka. Mutoto amepoteza kipande.” Kisha akachukua chukudu ya jirani, ile baiskeli ya mbao ya kubebea viazi na makaa, akatandika godoro, akamlaza Furaha na kuanza kuisukuma mbio kuelekea mjini. Waliokuwapo husema hakupumzika hata mara moja. Furaha alikata roho kabla hawajafika hospitali.

Hakuna aliyenipiga. Ningependelea kupigwa. Mtaa ulimsifu Papa kwa mbio zile, na mimi waliponiona walinyamaza kwa namna ambayo mtoto huielewa vizuri. Siku ya maziko Mama Furaha aliweka mkono kichwani pangu. “Usijitese, mwanangu. Ulikuwa mutoto. Nimekusamehe.” Tangu hapo kila mwaka, baada ya misa ya marehemu wote, amekuwa akiyarudia maneno hayo, na kila mara nimeyapokea kichwa kikiwa chini. Gari halikuondoka tena. Papa alisema rota ya aina ile haipatikani mji mzima, na mwishowe akaliuza kama chuma chakavu, samaki wake wakiwa ndani bado. Mimi niliendelea kuutafuta uzi mwekundu ukutani kwa miaka, nikitoka shule, nikirudi kisimani, hata nilipokuwa mchumba wa mtu. Mwenye kovu usidhani kapoa. Nilikuwa nikimsikia Furaha akicheka juu ya ndoo, na wakati mwingine nilimjibu.

Papa alifariki mwaka jana, kitandani kwake, akiwa ametutambua wote. Nilipokuwa nikikusanya vitu vyake nililishusha lile kopo juu ya kabati. Mpira uliolifunga ulikatika wenyewe kwa uzee. Ndani nilikuta plagi tatu, kipande cha mkanda wa feni na kitu kilichofungwa katika karatasi ya mafuta. Nilikifungua na kukuta rota. Haikuwa na uzi mwekundu, na ulimi wake wa shaba uling’aa kwa kuwa haujawahi kuguswa na moto. Ilikuwa ya akiba. Ilikuwa juu ya kabati siku ile ya Jumapili, hatua kumi kutoka pale Furaha alipokuwa akikakamaa, na Papa alikuwa amekwisha kuiona kwa macho yake siku aliyonunua gari.

Nilimkuta Mama akichambua sombe, majani ya mihogo. Niliiweka rota juu ya ungo, katikati ya majani. Aliigeuza kwa ncha ya kidole. “Ni mimi nilimukatalia,” alisema. “Aliniangalia, nikatingisha kichwa. Basoda balikuwa banakamata mutuka na mwenye kuendesha. Angetoka na mutuka, ningebaki na ninyi batano, na nani?” Nikamwuliza kwa nini, basi, waliliacha lile neno la mtoto amepoteza kipande linifuate maisha yote. Aliendelea kuchambua majani. “Tulifikiri mutoto anasahau mbio,” alisema.

Nilimchukia, nalisema wazi. Niliondoka bila kuaga na sikurudi wiki mbili. Lakini siku hizi barabara zimefungwa tena, na magodoro yamepita tena mbele ya malango. Mimi pia nina jeep ya zamani, niliyoinunua baada ya kugonga vyuma vyake kwa nyundo na kuishika injini ingali baridi. Vipuri ninaviagiza kwa simu, fundi ananicheka nikimtajia sabuni na mayai, na gari lenyewe halinuki kitu. Binti yangu, mwenye miaka tisa, aliniomba juzi anitunzie ufunguo. Nilimkatalia kwa ukali uliomshtua. Kila nikifunga lango najiuliza jirani akiingia sasa hivi amebeba mtoto, nitamtazama nani kwanza. Jibu ninalo, ni watoto wangu, na linanitia hofu.

Mama Furaha yu hai. Kila alasiri huja kuketi na Mama, sasa wajane wawili na birika moja la chai, mmoja akimshika mwenzake mkono wanapokwenda kanisani kwa sababu macho ya Mama yamefifia. Wiki iliyopita nilikwenda na rota mfukoni, nimeazimia kusema. Mama Furaha alinisogezea kigoda, akanitazama usoni, akaona kitu. “Bado unajitesa?” alisema. “Nilishakusamehe, mwanangu.” Mama aliinamisha kichwa juu ya kikombe. Kwa miaka yote nimekuwa nikipokea msamaha uliokuwa wa watu wengine, na kama ningefungua mdomo, mwanamke huyu angempoteza Mama, mtu wa mwisho anayeketi naye kumkumbuka mwanawe. Siri ya mtungi aijuaye kata. Nilisema asante, mama, nikatoka uani.

Ukuta ungali pale, umezama kidogo, mijusi ni wajukuu wa wale wa zamani. Nilichagua tundu la chini, nikaisukuma rota ndani mpaka mkono ukazama hadi kiwiko, nikaziba kwa jiwe. Mahali fulani katika mawe hayohayo iko ile yenye uzi mwekundu, na aliyejua mahali pake hakuwahi kunionesha. Hii ya pili nimeificha mimi. Safari hii najua ilipo, na sitamwonesha mtu.