Fundi Aliyeficha Figo Zake

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye foleni ya kliniki ya macho, Old Kampala. Mbele yangu alikaa mama Mkongomani wa miaka kama arobaini, fundi cherehani wa soko la Owino, ambaye alikuwa hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano. Mhudumu wa mapokezi alimwuliza, "Mama, una ugonjwa mwingine?"

"Hapana. Ni macho tu."

Daktari alipotoka kumwita, alimshika mkono amwongoze, akasita. Vidole vyake vilikuwa vimegusa uvimbe wa mshipa chini ya mkono wa nguo, ule wa watu wanaosafishwa damu kwa mashine. "Mama, unasafishwa damu?"

"Mara mbili kwa wiki. Lakini ile ni mambo ya figo, dokta. Miye nimekuja kwa macho."

"Yanahusiana," daktari alisema bila haraka. "Figo zikishindwa muda mrefu, mtoto wa jicho huweza kuja mapema, hata kwa mtu asiye mzee. Tutamtoa. Ila si siku ya kusafishwa damu, maana siku hiyo unapewa dawa ya kuzuia damu isigande. Nitaongea na daktari wako wa figo."

Mama akasema, "Nilizani mukijua mutanifukuza."

Ukiulizwa mapokezini una ugonjwa gani mwingine, msomaji, taja wote.

Juzi nilirudi kuchukua miwani, nikamkuta yule mama amekuja kukaguliwa, jicho moja limeshapasuliwa. Alilitazama shati langu kwa muda, akaniambia kola imeshonwa upande. Nimelivaa miaka miwili, na hakuna mwenye figo nzima aliyewahi kuliona hilo.