Mjomba na Gari Linalokunywa Maji

Gari la mjomba lilichemka mbele ya geti la mpwa wake saa tatu asubuhi. Mpwa alipouona mvuke ukipanda kutoka kwenye boneti, alifuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja, kama mtu aliyekaribishwa mezani.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mkavu wa mwili, mchache wa maneno. Wateja walimwita Dada Fundi. Gereji yake ilikuwa ua wa nyumba aliyopanga: paa la mabati, shimo la kuingilia chini ya gari, meza ya chuma yenye jiriwa la kubania vyuma, na mlango wa chumba cha mama yake unaotazama ua. Kazi aliifundishwa na mjomba huyuhuyu, kaka wa mama yake, ambaye mjini walimwita Profesa kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akisema "sijui".

Miaka kumi na mmoja nyuma, gari la mwalimu mmoja lilitoka kwenye gereji ya Profesa, likaishiwa maji njiani, na injini ikafa. Mwalimu aliporudi akifoka, Profesa alimnyooshea kidole mpwa wake mbele ya mafundi na wateja. "Huyu hapa. Alisahau kufunga mfuniko wa rejeta." Hakuwa amesahau. Aliufunga, akaujaribu kwa kiganja, kama alivyofanya siku zote. Jioni hiyo akamwaga unga, na habari ikafika kwa ukoo mzima kabla yeye hajafika nyumbani.

Hilo angelivumilia. Lililomchoma ni mama. Mama hakumgombeza. Alimpakulia chakula, akamwambia kwa sauti laini, "Kusahau ni ubinadamu, mwanangu. Kaka yangu hajui kusema uongo, lakini mimi nimeshakusamehe." Akaendelea kumsamehe mwaka hadi mwaka, kila jina la kaka lilipotajwa. Kuchukiwa kuna nafuu yake. Kusamehewa kosa usilolitenda ni mwiba unaochomwa kila siku na mkono unaokupenda. Dada Fundi alitaka kitu kimoja tu duniani: mama asikie ukweli, na ausikie kwa kinywa cha kaka yake.

Na leo kaka alikuja mwenyewe. Alikuja kumchukua dada yake waende kumwona kaka yao mkubwa, aliyekuwa ametoka hospitali, safari ya kuchukua saa sita. Mama alikuwa ameshavaa, mkoba mapajani, ameketi mlangoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Niongezee maji hapo, tuondoke."

"Injini imeanza lini kunywa maji?"

"Hainywi. Ni kiu ndogo ya uzee."

"Lita ngapi kwa siku?"

Profesa alikohoa. "Mbili. Tatu, ikipanda mlima."

Dereva wa teksi, aliyekuwa anasubiri breki zake, akacheka. "Mzee, hiyo si kiu. Umefuga ng'ombe humo ndani."

"Mfuniko nimebadilisha," alisema Profesa, akimpa dereva wa teksi mgongo. "Mpira wa juu nimebadilisha. Nimelala chini yake wiki nzima kutafuta tone. Kukavu."

Alinyoosha mkono kuufungua mfuniko. Dada Fundi akatanguliza wake. "Ipoe kwanza, mjomba. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Kiti chenye mgongo kilikuwa kimoja. Alimpa dereva wa teksi. Profesa akakalia kreti ya soda, magoti yakimfika kifuani, na mpwa wake akarudi kwenye breki za teksi akipiga mluzi. Dakika arobaini. Alizionja zote.

Injini ilipopoa alijaza maji, kisha akaanza. Aliingiza mkono chini ya zulia, upande wa abiria: pakavu, kwa hiyo maji hayakuwa yakivujia ndani. Alichomoa kijiti cha kupimia oili: nyeusi tu, haikugeuka rangi ya chai ya maziwa, kwa hiyo hayakuwa yakiingia kwenye injini. Akaleta mfuniko wa zamani wa rejeta alioutoboa mwenyewe na kuuchomelea valvu ya baiskeli. Akaufunga, akaunganisha pampu, akaanza kusukuma upepo, taratibu, huku akisikiliza kwa kichwa kilichoinama.

"Siku hizi magari yanajazwa upepo?" Profesa alimuuliza dereva wa teksi.

"Shhh," alisema Dada Fundi. Hakuwahi kumnyamazisha mjomba wake maishani.

Ssss. Sauti nyembamba, nyuma kabisa ya injini, pale ambapo jicho halifiki na mkono hufika kwa kuchubuka. Aliteremsha kioo kidogo kwenye kijiti, akamulika tochi.

Aliona michirizi myeupe ya maji yaliyokaukia kwenye chuma cha moto. Ndiyo maana chini palikuwa pakavu: maji yalikuwa yakitoka na kugeuka mvuke kabla ya kudondoka. Juu ya michirizi hiyo aliona mabomba mawili ya kupeleka maji ya moto kwenye hita. Hita ilikuwa imerukwa, maji hayapiti tena ndani yake. Mabomba yameunganishwa kwa kipande cha mpira wa petroli, ambao maji ya moto huulainisha na kuupasua, na mpira wenyewe umefungwa kwa waya, mizunguko mitatu kuelekea kushoto.

Mjini palikuwa na fundi mmoja tu aliyefunga hivyo. Profesa alitumia mkono wa kushoto, na klipu za kukazia mpira alizidharau. Alisema ni za watu waliozaliwa bila vidole. Wiki ile ya gari la mwalimu, aliyeruka hita alikuwa yeye. Dada Fundi aliliwaza hilo miaka yote, lakini gari lile liliuzwa kama chuma chakavu kabla hajapata kulichungulia.

Angeweza kusema. Badala yake alimwita mama asogee, kisha akampa mjomba kioo na tochi.

"Angalia, mjomba. Useme unachoona."

"Si umeshaona?"

"Nataka uone wewe."

Profesa aliinama. Alikaa ameinama kupita kiasi.

"Mpira umepasuka," alisema ndani ya boneti.

"Mpira wa nini?"

"Wa petroli."

"Umefungwa na nani?"

"Na mimi."

"Na la mwalimu ulifunga vipi?"

Dereva wa teksi aliacha kutafuna njiti yake.

"Kaka," alisema mama, "mjibu mtoto."

Profesa aliinuka. Uso ulikuwa na masizi, na kwa mara ya kwanza alionekana mtu wa miaka sitini na minane. "Hivihivi, kwa mpira wa petroli. Mfuniko ulikuwa umefungwa. Nilikuta umefungwa."

Dada Fundi alikuwa na hotuba aliyoipiga msasa miaka kumi na mmoja. Haikuhitajika. Raha ilimpanda hadi kooni. Kisha akauona uso wa mama, ukihesabu sahani zote alizopakua na maneno yake laini, na raha ile ikawa na mfupa ndani. Aliimeza hivyohivyo, na mfupa wake.

"Nilikuwa nakuombea msamaha," mama alimwambia.

"Najua, mama."

"Dada, hayo ni ya zamani," alisema Profesa.

"Kaka mkubwa anaamini ni huyu. Wake zenu wanaamini ni huyu. Watoto wenu wamekua wakimcheka huyu. Kwao ni ya leo."

"Nitawaambia. Siku moja."

"Ni leo. Si tunakwenda huko?"

Dada Fundi alikata mpira wa kweli, wa maji ya moto, akaufunga kwa klipu mbili, akazikaza hadi mkono ukamuuma. Akajaza maji, akawasha, akasikiliza. Kisha akanyoosha kiganja.

"Funguo, mjomba."

"Gari langu naendesha mwenyewe."

"Ukiendesha wewe, katikati ya njia utakumbuka una kazi mjini, ugeuze. Kaa nyuma."

"Na breki zangu?" aliuliza dereva wa teksi.

"Kesho."

"Kwa safari hii nasubiri hata wiki. Mnirudishie habari tu."

Mama akaketi mbele. Profesa akaingia nyuma, magoti yakigusa kidevu, galoni ya maji ya akiba mapajani. Walipoimaliza lami ya mjini, mshale wa joto ulikuwa umetulia katikati.

"Anza," alisema mama bila kugeuka. "Tusikie utakavyosema ukifika."

"Kaka," alianza Profesa, "lile gari la mwalimu, unajua, liliharibika..."

"Halikuharibika lenyewe. Rudia."

Dada Fundi akapunguza mwendo. Mlima ulikuwa mbele, na hakuwa na haraka.