Sanda ya Mama Mkwe

Mnaocheka mkiniona na suruali tangu alfajiri, chekeni, ila leo niwaambie mwenyewe kwa nini msuli sivai tena, maana hapa Newala kila mtu anausimulia mkasa wangu na kila mtu anaukosea.

Bweha alikuwa amenimaliza. Alianza na vifaranga, akaja kuku, akaja mwanambuzi aliyezaliwa juzi tu, na mimi nina bunduki ya marisau ya marehemu baba (kibali ninacho, msianze), ya mitutu miwili: wa kulia mdomo wazi, hutawanya, wa kushoto umebanwa mdomoni ili marisau yaende yameshikana. Nikanunua risasi za chembe ndogo na za chembe kubwa, na kwa kuwa napenda kujifanya mjuzi nikasema sifyatui hovyo, nitajaribu kwanza kwenye nguo pana nyeupe, nione ipi inaacha mianya ya bweha kupenya akaenda zake.

Sasa nguo. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tandahimba, na juu ya begi lake pale sebuleni palikuwa na kitambaa cheupe kimekunjwa vizuri. Shuka hilo, nikajiambia, nitalirudisha kabla hajaamka (matundu ningeyaelezaje, hilo sikuliwaza).

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umepanda kutoka bonde la Ruvuma, mkorosho wa mbele unauona, wa nyuma huuoni. Nikakitundika kitambaa kwa kamba kati ya mikorosho miwili, nikarudi nyuma umbali ule bweha hunipitia, nikafyatua wa kulia, nikahamisha shabaha kidogo, nikafyatua wa kushoto. Kisha kimya. Hata jogoo wa jirani hakuwika, na kile kimya sikukipenda. Nikaikunja bunduki nitoe maganda, na nilipoinua macho kitambaa hakikuwa mtini. Kilikuwa kinakuja. Upepo hakuna, jani halitikisiki, nacho kinakuja wima, polepole, hakina miguu, kinaniita kwa sauti ya chini, "Baba Salma. Baba Salma."

Nilitupa bunduki nikakimbia. Kandambili zikabaki, msuli ukanaswa kwenye tawi nao ukabaki, na mnajua shida yetu ya maji, foleni ya kioskini huanza hakujapambazuka. Nikatokea hapo na fulana na chupi iliyotoboka, mbele ya wanawake wa mtaa mzima, nikipiga kelele kwamba shambani kuna mfu anatembea. Mmoja akanipa kanga yake bila kunitazama. Wengine walicheka mpaka wakakaa juu ya ndoo.

Walikuwa bado wanacheka mama mkwe alipotoka kwenye ukungu, kitambaa mkononi. Nikamwamkia shikamoo, nimejifunga kanga, akaitikia marahaba kama kawaida yake. Akawaambia watu kwamba ile ni sanda yake, anatembea nayo tangu mumewe afariki asije akawasumbua wenyeji akifia ugenini, na kwamba alipoamka asiione alitoka kuitafuta. Akawaomba wanawake wawili waiinue juu wakiitandaza.

Upande mmoja matundu yalikuwa yametawanyika, upande wa pili yamesongamana. Katikati palikuwa peupe, ukanda mrefu mwembamba, hakuna hata tundu moja. Mama akazunguka, akasimama nyuma ya sanda, jua likianza kupenya ukungu mgongoni kwake. Kivuli chake kikaujaza ule weupe, kuanzia utosini mpaka miguuni, hakikuzidi wala hakikupungua.

"Nilikuwa nimesimama hivi," akasema kutoka huko nyuma. "Nilikuwa nafungua kamba."

Hakuna aliyecheka tena. Nikakaa chini kwenye matope ya kioski, nikalia mbele ya watu, na hiyo ndiyo sehemu ambayo wasimuliaji wenu huiruka.

Nilimnunulia sanda mpya, nzuri kuliko ile. Akaishika, akanirudishia. "Hii haijanipima, mkwe wangu," akasema, na ile ya matundu akaikunja akaitia begini.

Bweha yupo, anapita atakavyo. Nami siku hizi najaribu risasi kwenye maboksi, tena jua limeshapanda, na kabla ya kufyatua nazunguka nyuma ya boksi nikaangalia, kisha namwita mama mkwe kwa jina, ingawa najua yuko Tandahimba. Nasubiri kwanza. Asipoitika, ndipo nafyatua.