Shikamoo Kwenye Kona ya Mwisho

Mwezi wa pili mwaka huu nilirudi Sumbawanga kumwangalia Baba Mdogo, ambaye magoti yanamsumbua. Pale stendi nikapanda bodaboda kwenda Izia. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, barabara tope tupu, na mbele yetu alikuwa akitembea bibi kizee mmoja na kapu lake kichwani. Kijana aliyenibeba hakupunguza mwendo hata kidogo. Yule bibi aliposikia mlio aliingia upesi ndani ya mahindi kando ya barabara, akasubiri humo mpaka tukapita. Nilishawahi kumwona mtu akifanya vile vile, na sababu yake nilikuwa mimi.

Nilikuwa na miaka tisa. Biashara ndiyo kwanza zilikuwa zimefunguliwa, na sisi tuliozoea kuona chumvi na viberiti tu dukani tukaanza kuona sabuni za kunukia, redio na marobota ya mitumba. Mwenye duka kubwa la mjini, mzee wa kanzu aliyekuwa pia na malori, siku moja alirudi kutoka Tunduma na pikipiki ya mashindano. Ilikuwa ya njano, matairi yake yana meno, na haikuwa na taa hata moja. Akampa Baba Mdogo aiendeshe, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimpelekea vipuri mpaka Mpui kwa pikipiki kuukuu, masika na kiangazi, bila kuanguka. Jirani yetu mmoja akawa fundi. Timu ikawa hiyo: watu watatu na fulana tatu za mitumba, ambazo Fundi alizichemsha na rangi ya njano ndani ya sufuria la Bibi la ugali. Bibi alimnunia siku mbili nzima.

Bibi alikuwa mama yake Baba Mdogo, na ndiye aliyenilea mimi pia. Aliikubali pikipiki ile ilale nyumbani kwa sharti moja. Alivyotulea yeye, ukiwa juu ya baiskeli ukakutana na mkubwa, unashuka, unachutama kidogo, unapiga makofi taratibu na kuamkia. Vijana wa pikipiki walikuwa wameanza kuwapita wazee na kuwaachia vumbi, na hilo lilimuudhi kuliko hata ile miaka ya kukosa sukari.

"Ukiniona njiani, mguu chini," alimwambia mwanawe. "Magurudumu hayakukuzaa."

Baba Mdogo alitii. Hata awe na haraka namna gani, akimwona mzee alifunga mafuta, akaweka mguu chini, akapiga makofi mawili, "Shikamoo," akaitikiwa, ndipo akaondoka. Fundi alikuwa akimtania kwamba breki zake zinaliwa na adabu.

Basi mwaka ule raundi moja ya ubingwa wa taifa ikaletwa kwetu. Mwenye Duka akatoa neno lake mbele yetu sote, uani kwa Bibi. "Ukishinda hapa nyumbani, tunaendelea na mashindano mpaka raundi ya mwisho. Usiposhinda, pikipiki nampa mkwe wangu wa Matai, akabebee samaki wa migebuka kutoka Kasanga." Hakusema kwa ubaya, alikuwa mfanyabiashara. Lakini Baba Mdogo hakumaliza chakula chake wiki ile yote, nami nilimwona akiifuta ile pikipiki hata ilipokuwa safi.

Waendeshaji wageni kutoka pwani walifika Ijumaa, wekundu kwa vumbi kuanzia nywele mpaka viatu. Ilikuwa kipupwe, na upepo wa Ufipa ukawafanya waombe mablanketi. Jumamosi asubuhi, siku ya mazoezi, pikipiki zao zilikohoa tu. Zilikuwa zimetengenezwa kwa hewa nzito ya pwani, na huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo petroli ilizidi na plagi zikalowa. Fundi alisikiliza kwa mbali akacheka. Kisha akachukua kopo lake la vipuri vya kabureta na kuwafuata.

"Wewe, unawatengenezea maadui?" Mwenye Duka akamuuliza.

"Ni wageni, mzee. Waache wapumue kwanza, ndiyo tuwafunge."

Mchana Bibi akawapikia ugali wa ulezi na maharage. Mwanzoni waliutazama ule weusi wake kwa mashaka. Walipouonja wakarudi na sahani, na Bibi akasahau kabisa habari ya sufuria lake.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, mji wote ulihamia kwenye mashamba yaliyovunwa nyuma ya Izia. Njia ya mashindano ilizunguka mashamba, ikashuka kijitoni, ikapanda tena hadi kona ya mwisho. Bibi alipewa kigoda penye mstari wa kumalizia, karibu na Mwenye Duka, akakaa akiwa amejifunga kitenge chake cha kanisani. Mimi sikuona kitu ila migongo ya watu. Ulipobaki mzunguko mmoja nikamvuta mkono.

"Bibi, twende pale konani. Tutamwona vizuri."

"Si nimeshakaa, mjukuu wangu?"

Nikamng'ang'ania mpaka akainuka.

Baba Mdogo alitokea kijitoni akiwa wa kwanza. Wa kwanza peke yake, wale wengine wako nyuma kabisa kwenye tope! Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Alipanda, akafika konani, akatuona. Mlio ukakatika. Mguu ukashuka chini, na kofia yake ikainama. Mikono ikaachia usukani, ikapiga makofi mawili ndani ya glavu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Bibi akaitika, kwa mazoea yake ya siku zote. Kisha akashtuka. "Nenda! Nenda, we mtoto!"

Mpaka alipoipiga kiki pikipiki ikawaka, wawili walikuwa wameshapita. Akamaliza wa tatu.

Watu walicheka, na wageni wakaomba waelezwe mara mbili mbili. Mwenye Duka alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanzu, lakini neno lake likabaki neno. Jumatatu pikipiki ilipakiwa kwenye lori ikaenda Matai. "Mkono ulifunga mafuta wenyewe," Baba Mdogo aliwaambia watu, nao wakalirudia hilo miaka na miaka. Baadaye akapewa lori la kuendesha, akawa mtu wa safari, nyumbani anakuja kulala tu.

Bibi hakucheka. Tangu wiki ile, kila aliposikia pikipiki nyuma yetu alinishika mkono tukaingia kwenye mahindi, au kwenye mabua kama ni kiangazi, tukasimama humo mpaka mlio uishe. Nilimuuliza kwa nini. "Nisimcheleweshe mtoto wa mtu," akasema. Hakuwahi kunikumbusha nani alimtoa kwenye kile kigoda, nami sikuwahi kumwambia mtu. Nililibeba peke yangu mpaka nikawa mtu mzima.

Siku hizi penye ile kona kuna nyumba za bati na banda la kuchaji simu. Fundi ametangulia, Mwenye Duka naye, na Bibi. Jioni ya siku ile ya bodaboda, nikiwa na Baba Mdogo, chai ikiwa mezani, hatimaye nikamwambia kwamba ni mimi niliyempeleka Bibi konani.

Alicheka kidogo, akiyasugua magoti yake. "Kwa hiyo na wewe uliamini habari ya mkono? Nilikiona kile kitenge tangu kijitoni. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kuamua."

"Sasa kwa nini, Baba Mdogo? Ulikuwa umeshashinda!"

Akakiweka kikombe chake chini. "Niliona nikimpita mimi mwanawe, basi atajizoesha kupisha pikipiki. Nami sikutaka mama yangu awe mtu wa kupisha."

Sikumwambia habari ya mahindi.