Kichwa Kimoja cha Kurasa Zote

Ofisini walimwita Bi Vipande, na hakuchukia. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, mrefu, mwenye kuvaa sweta mwezi wowote kwa sababu kiyoyozi kilimpulizia kisogoni. Kazi yake ilikuwa kutunza mfumo wa taarifa wa hospitali kubwa ya mji: zile kurasa ambazo ndugu wa mgonjwa huzifungua kwenye simu, aone kama vipimo vimerudi, kama dawa zimebadilishwa, kama saa za kutazama wagonjwa zimesogezwa. Chumba chao kilikuwa nyuma ya jengo la kufulia mashuka, kikinuka sabuni kutwa.

Kitu kimoja alikichukia kuliko vyote, nacho ni kuandika jambo lile lile mara mbili. Alipoukuta mfumo huo, kurasa zilikuwa arobaini na moja, na kila moja ilibeba kichwa chake, salamu zake na mkia wake. Ukitaka kubadilisha namba ya simu ya hospitali, unaibadilisha mara arobaini na moja, na hukosi ukurasa mmoja utakaousahau. Aliyeziandika alikuwa fundi wa kwanza, waliyemwita Mkongwe, hodari wa kazi na bahili wa maneno, aliyestaafu bila kuacha hata karatasi moja ya maelekezo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, Bi Vipande aliwaambia wenzake, akaanza kuziba. Alifungua folda moja, akaweka humo violezo vya kutumiwa na wote, vipande vilivyompa jina lake: kichwa kimoja, jedwali moja, fomu moja, mkia mmoja. Kila ukurasa ukawa unaazima badala ya kumiliki.

Kichwa ndicho alichojivunia. Alikiachia nafasi ya sentensi ya kwanza. Ukurasa ukija na sentensi yake, kichwa kinaionyesha. Usipokuja na kitu, kichwa kinajaza sentensi ya kawaida. Mkuu wa mawasiliano wa hospitali, aliyelalamika kila wiki kwamba kurasa zao zina uso wa mahakama, alitaka hiyo ya kawaida iwe na uchangamfu. Basi ikaandikwa kwa herufi kubwa za kijani: Tuna furaha kukujulisha kuwa kuna taarifa mpya kuhusu mgonjwa wako.

Sasa, katika kurasa saba Mkongwe alikuwa ameandika juu kabisa, mahali ambapo mwenye simu haoni: Usiguswe. Kwa nini, hakusema. Bi Vipande alizichunguza sita za kwanza asikute sababu yoyote. Vibao vya mbwa mkali kwenye nyumba zisizo na mbwa. Wa saba ulikuwa mfupi kuliko zote. Haukuwa na kichwa wala salamu, ila jina la mgonjwa, namba ya wodi, na mstari mmoja: Ndugu wa karibu anaombwa kufika wodini kuonana na daktari. Faili lake liliitwa msiba. Hospitali haitangazi kifo kwenye simu, inaita watu.

Alijua hayo. Lakini alikuwa amebakiza ukurasa huo tu, na mikono ilikwisha zoea. Akauunganisha na kichwa kama wenzake, akaufungua kwa jina la mgonjwa wa kubuni aone kama umekaa sawa. Ulikaa sawa, na kwa kuwa haukuja na sentensi ya kichwa, juu yake ilijaa ile ya kawaida. Baada ya kurasa arobaini, machoni pake ule mstari wa kijani haukuwa maneno tena, ulikuwa pambo tu. Aliutazama, hakuusoma.

Wiki hizo mama yake mkubwa alikuwa amelazwa hospitalini hapo kwa maradhi ya figo. Ndiye aliyemlea tangu ana miaka minne. Mama mzazi alimjua kwa picha. Baba mkubwa, mume wa mlezi huyo na fundi viatu, alitaka kushinda kwenye benchi la wodi kila siku, na magoti yake hayakuwa ya kushinda kwenye benchi. Bi Vipande alimketisha akamwonyesha kwenye simu: bonyeza hapa, kila kitu utakiona humu. Mzee alicheka kwamba mkewe sasa anapatikana kwa kidole, na nyumbani alikuwa hapatikani hata kwa kuitwa. Aliiamini simu ile kwa sababu mwenye kuzitengeneza kurasa zake alikuwa mtoto wake.

Majuto ni mjukuu, husemwa. Wa Bi Vipande alifika saa nne asubuhi, siku ya kumi na mbili tangu mama mkubwa alazwe. Simu iliita, baba mkubwa anahema kama mtu apandaye ngazi za wodi.

"Mwanangu, wanamruhusu," alisema. "Wameniandikia wana furaha, nifike wodini nionane na daktari. Nguo zake ninazo. Na vile viatu vyake vyeusi nimevitia soli mpya."

Furaha ilimpanda naye, pumzi moja au mbili. Kisha akakumbuka kwamba ukurasa wa kuruhusiwa una sentensi yake, tena unataja saa ya kumchukua mgonjwa. Kuonana na daktari hakumo. Maneno hayo yalikuwa katika ukurasa mmoja tu kati ya arobaini na moja. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba mama yake mkubwa amekufa, akiwa mbele ya kompyuta yake, na mwenye mke bado anacheka sikioni mwake.

Alitaka kumwambia pale pale. Akamwomba tu asiingie mpaka yeye afike. Kisha akatoka mbio, akapita mashuka, akapanda ngazi. Maisha yake yote ya kazi aliwinda makosa ya programu ayafute. Siku hiyo aliomba kosa moja liwepo, ukurasa uwe umetumwa kwa mtu asiyehusika.

Wodi ilikuwa imempigia mzee mara mbili kwanza, kama utaratibu unavyotaka. Alikuwa kwenye cherehani ya viatu, hakusikia. Bi Vipande alimkuta kwenye benchi, mfuko mapajani, amevaa koti la heshima, amenyoa ndevu na kujikata kidogo kidevuni. Muuguzi alikuwa amemwambia kuwa daktari anakuja. Mzee akampa simu asome mwenyewe.

Bi Vipande alipiga magoti mbele yake.

"Baba, maneno haya ya juu si ya daktari. Niliyaandika mimi."

"Hata kama ni wewe. Si habari njema?"

"Ukurasa huu hutumwa mtu akifariki. Hayo ya juu hayakutakiwa kuwepo. Nimeyaweka kwa makosa yangu."

Mzee aliitazama simu, akamtazama yeye, akarudi kwenye simu. Aliufunika mstari wa kijani kwa kidole gumba, akausoma wa chini polepole. Sauti ilipotoka ilikuwa ya kawaida, na hilo lilimuumiza Bi Vipande kuliko kama angetukanwa.

"Nimewaambia watu wote anarudi leo," alisema. "Dada zake wako nyumbani. Wamefungua madirisha, wanamtandikia kitanda."

Mlango wa wodi ulifunguka, daktari akauliza nani ndugu wa karibu. Bi Vipande aliinuka pamoja na mzee. Mzee akamzuia kwa mkono kifuani, bila nguvu.

"Wewe nenda kawaambie," alisema. "Mimi siwezi kuwaambia mara ya pili."

Akaingia peke yake na mfuko wake. Bi Vipande, ambaye hakuwa amemwona mama yake mkubwa tangu Jumapili, akashuka ngazi kwenda kuwaambia.