Kikohozi cha Somoe Nampunju

Mwimbaji Somoe Nampunju alipofariki mwaka 1991, bendi yake ya mjini Mtwara ilivunjika ndani ya miezi mitatu, lakini watu hawakukubali kumwacha aende. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameshatokea mwigaji wake wa kwanza, Somoe wa Magomeni. Akafuata Somoe wa Mikindani, kisha Somoe Mdogo, na mwingine wa Kilambo aliyekuwa akivuka Ruvuma kuimba kwenye sherehe za upande wa Msumbiji na kurudi na vitenge. Wote walifunga kilemba cheupe kama chake. Wote waliegemeza kiganja shavuni kama yeye. Na wote, walipofika ubeti wa tatu wa wimbo wake wa mwisho, walikohoa.

Mwalimu Felista Haule hakuyajua hayo alipohamia kutoka Peramiho mwaka 1994. Mumewe, Samweli, alikuwa amepata kazi bandarini, wakapanga nyumba Likombe. Mimi nilifundisha hesabu katika shule aliyopangiwa, yeye sanaa na stadi za kazi, na katika chumba cha walimu meza zetu ziligusana. Kwa miaka minne sikumjua zaidi ya kwamba alikunywa chai bila sukari na kwamba hakuweza kuacha jambo likishamkaa moyoni.

Hili la Somoe lilimkaa mwaka 1998, kwenye harusi ya binti wa mwalimu mwenzetu. Aliyeletwa kutumbuiza alikuwa Mwajuma, ndiye Somoe wa Magomeni, mwanamke wa miaka thelathini hivi mwenye sauti nzito na tamu. Ubeti wa tatu ulipofika, Mwajuma alipeleka leso mdomoni, akakohoa mara tatu, kikohozi kikavu cha chini kabisa kifuani, kisha akaudaka wimbo palepale alipouacha. Ukumbi mzima ulilipuka. "Hapohapo!" wanaume walipiga kelele. Kina mama walirusha vigelegele.

Felista aliweka chini sahani yake. Baba yake alikufa kwa kifua kikuu, na yeye ndiye aliyemuuguza.

"Somoe mwenyewe hakuwa anaimba pale," aliniambia. "Alikuwa anaumwa."

Hakungoja sherehe iishe. Alimfuata Mwajuma nyuma ya turubai alikokuwa akinywa maji, nami nikaenda naye.

"Dada, samahani. Mbona unakohoa pale katikati?"

"Ndivyo wimbo ulivyo, mwalimu."

"Nani alikufundisha?"

"Mzee Sudi. Anatufundisha wote. Anasema bila yale madoido, huyo siye Somoe."

Mzee Sudi Mnali alikuwa mpiga gitaa na kiongozi wa bendi ile tangu ilipoanzishwa. Bendi ilipokufa alianzisha shindano la kila mwaka la kumkumbuka Somoe, na mshindi alikuwa yule aliyemwiga vizuri kuliko wenzake. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa jaji. Nilimwona Felista akilitamka jina lile polepole, kama mtu anayeliandika mahali.

Mwaka 2000 alikwenda kwenye semina ya walimu wa sanaa ya wiki tatu. Alirudi na habari ambazo chumba cha walimu kilizicheka: kwamba huko duniani kuna wasanii wasiochora wala kuchonga, wanaoweza kuweka kiti kitupu chumbani na kukuachia wazo likusumbue, na kwamba wazo hilo ndilo sanaa yenyewe. Yeye hakucheka. Aliniambia atatundika magauni tisa matupu, moja kwa kila Somoe aliyemfahamu, na chini ya kila gauni ataweka redio ya kaseti. Hakutakuwa na wimbo. Vikohozi tu, kimoja baada ya kingine.

"Na watu watatazama nini hapo?" nilimuuliza.

"Watatazama kile wanachokipigia makofi."

Alizunguka mwaka mzima kuwarekodi. Kwa kila mmoja alisema anakusanya nyimbo za Somoe zisipotee, nao wakafurahi, wakavaa vilemba vyao na kuimba wimbo mzima. Kisha alikwenda kwa Lukasi, fundi redio wa sokoni, wakakata kila kitu wakabakiza kikohozi peke yake. Wakamwazima na magauni pia, bila kujua ni ya nini. Nilimwambia sipendi ujanja ule. Alinijibu kwamba wakiambiwa, watakohoa kwa namna nyingine. Ilikuwa kweli, lakini haikunitosha.

Ni Lukasi aliyemletea kaseti nyingine, ya Somoe mwenyewe. Ujanani alikuwa akifunga spika za bendi, na siku Somoe aliporekodi kwa mara ya mwisho yeye alikuwa nje akilinda jenereta. Mkanda kamili, usiokatwa, ulikuwa umebaki kwake. Felista aliusikiliza nyumbani kwa kiredio chake kidogo, akaniita nami nisikie. Ubeti wa tatu. Kikohozi, lakini kirefu kuliko kile cha Mwajuma, kisichotaka kwisha. Halafu sauti ya mwanamke ikinong'ona maneno yasiyoshikika, mkwaruzo wa mkanda ukiyafunika. Halafu sauti ya mwanaume, wazi kabisa: "Haya, endelea. Tumalize."

"Ni Sudi," alisema Felista. "Alimwimbisha mgonjwa. Halafu akafanya ugonjwa wake mashindano."

Kabla ya maonyesho alikwenda Madimba, nami nikamsindikiza, kuomba ruhusa kwa Asia, mtoto pekee wa Somoe, aliyekuwa na miaka kumi na minne mama yake alipofariki. Tulimkuta akitoka kupulizia mikorosho, nguo zikiwa na vumbi la njano la salfa, kitambaa amekishusha shingoni. Alitukaribisha jamvini. Felista alimweleza juu ya magauni na vikohozi bila kuficha kitu. Asia alisikiliza huku akisugua kucha zake kwa jani.

"Wale wanawake fanya nao mtakavyoelewana," alisema mwishowe. "Lakini sauti ya mama usiiguse. Mimi mwenyewe sijaisikia tangu tumzike. Redioni ikija, natoka nje. Unanielewa, mwalimu?"

"Nakuelewa."

"Niahidi."

Felista aliahidi. Kaseti ilikuwa kwenye mkoba wake, mita moja kutoka goti la Asia, na hakuitaja. Njiani kurudi nilimuuliza kwa nini. Alitazama mihogo iliyokuwa ikipita dirishani mwa basi.

Maonyesho yalifunguliwa Jumamosi moja ya Juni 2002, saa tisa alasiri, katika ghala la korosho ambalo msimu huo lilikuwa tupu. Magauni tisa yalining'inia kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Lukasi alikuwa amefunga spika mbili kubwa kwa ajili ya hotuba ya ufunguzi. Tulikuwa tumekubaliana kila kitu, isipokuwa jambo moja nililolikuta nilipoingia. Kwenye ukuta wa mbele, kwa rangi nyeusi, herufi zenye kimo cha mtoto, Felista alikuwa ameandika: NANI ALIMWAMBIA AENDELEE?

"Felista, hili hukuniambia."

"Ungenikataza."

Watu walianza kuingia, walimu, wafanyakazi wa bandari, wachuuzi wa sokoni. Waliposikia vikohozi wengine walicheka, wakadhani ni mzaha. Lakini kikohozi cha tano kilipopita, cha sita, cha saba, na hakuna wimbo uliokuja, kicheko kilikauka. Mama mmoja alimshika mwanawe mkono akatoka naye. Mwajuma aliingia akiwa amependeza, maana alikuwa amealikwa kama mgeni wa heshima. Alisimama mbele ya gauni lake. Aliinama, akasikiliza redio iliyo chini yake, na nikamwona uso ukimbadilika.

"Nilikuimbia wimbo mzima, mwalimu," alisema. "Umebakiza hiki?"

Kabla Felista hajajibu, mlangoni palitokea Mzee Sudi na wale Somoe wengine nyuma yake. Kumbe habari zilikuwa zimeshawafikia. Alikuwa mzee mwembamba, kofia ya kiua kichwani, na alitembea kati ya magauni bila kuyagusa mpaka mbele ya ukuta. Alisoma kimyakimya, midomo ikicheza. Ghala zima lilimtazama.

"Swali hili unaniuliza mimi?"

"Shikamoo, mzee. Namuuliza yeyote anayejua."

"Nimekuuliza wewe. Unaniuliza mimi?"

"Ndiyo," Felista alisema. "Nakuuliza wewe."

Vijana wawili waliokuja na mzee walisogea mbele. Samweli, mumewe, akaacha kuegemea mlango akasogea pia. Nilisikia mtu nyuma yangu akisema waitwe polisi. Na hapo ndipo nilipomwona Asia. Alikuwa amesimama pembeni ya mzani wa ghala, tena bila shaka kwa muda mrefu, kanga ameikaza mabegani.

"Mwaka wa kumi na moja huu nasemwa chini chini kwamba nilimwimbisha akiwa hoi," Mzee Sudi alisema. "Wewe angalau umeandika. Una ushahidi?"

Felista alimtazama Asia. Alimtazama kabisa, machoni. Kisha alikwenda kwenye mashine ya kaseti ya Lukasi, akatoa kaseti kwenye mkoba, akaisukuma ndani.

"Mwalimu!" Asia alipiga kelele. "Uliniahidi!"

Alikuwa ameshabonyeza.

Sauti ya Somoe ilitoka kwenye spika zile kubwa ikajaa ghala mpaka kwenye mabati. Nimewasikia waigaji wengi, lakini pale nilielewa kwamba sikuwahi kumsikia mwenyewe. Wale Somoe tisa walisimama kama wanafunzi gwarideni. Asia alikuwa amejiziba masikio kwa viganja, kisha, sijui kwa nini, akaviondoa. Ubeti wa tatu ulifika. Kikohozi kikaja, kirefu, cha kuumiza, na hakuna aliyepiga kelele ya "Hapohapo!" Halafu ule mnong'ono. Nyumbani kwa Felista ulikuwa mkwaruzo tu. Hapa ulikuwa maneno, tena ya Kimakonde, ambayo mimi na Felista hatukuyajua. Lakini nusu ya watu mle ndani waliyajua. Mwanamke mmoja akashika kifua. Na kisha ikaja sauti ya Sudi wa miaka ile: "Haya, endelea. Tumalize."

Mkanda uliendelea kuzunguka. Felista alikuwa akimtazama mzee kama hakimu, akingoja.

"Amesema nini?" Asia alimsogelea. "Unajua mama amesema nini pale, mwalimu?"

"Hapana."

"Amesema, 'Usizime mashine. Kesho sitaweza. Nataka mwanangu abaki na wimbo mzima.'"

Felista alizima mashine. Mzee Sudi alikuwa ameketi juu ya kreti, kofia ameivua, na alianza kuzungumza kwa sauti ndogo hivi kwamba watu walilazimika kusogea.

"Nilishaweka gitaa chini. Ndipo akasema vile. Ningefanya nini? Na miaka ile mnaikumbuka. Mtu akikonda na kukohoa, mtaa mzima ulishajua jina la ugonjwa wake, hata kama silo. Watu wangeacha kula kwake. Mtoto wake asingecheza na mwenzake. Kwa hiyo kaseti ilipotoka nikasema ni madoido. Nikasema Somoe amekohoa kwa makusudi, ni ufundi wake. Wengi wakaamini. Alipokufa uongo ule ulikuwa umeshaingia kwenye wimbo, na sikujua namna ya kuutoa." Alimgeukia Mwajuma. "Mwanangu, mimi nilikufundisha kukohoa. Sikujua namna ya kukwambia uache."

Hakuna aliyevunja kitu. Mwajuma alishusha gauni lake kambani, akalikunja, akatoa kaseti kwenye redio iliyokuwa chini yake, akaondoka navyo vyote viwili. Wengine walifuata mmoja mmoja. Maonyesho yaliyopangiwa siku saba yaliisha kabla ya saa kumi na moja. Asia alikuwa wa mwisho. Alinyoosha mkono, na Felista akampa mkanda.

Jumatatu tuliupiga ukuta ule chokaa, mimi na yeye. Alifanya kazi akilia, si kwa sauti, na mara kwa mara alisimama kujifuta kwa mkono wenye chokaa.

"Lile swali nililiuliza nikiwa na jibu tayari mfukoni," alisema.

Alikwenda kuwaomba radhi wale tisa, nyumba kwa nyumba, mpaka Kilambo. Watatu hawakumfungulia. Kwa Mzee Sudi alikwenda mara mbili. Mara ya kwanza walikunywa chai wakaagana, mara ya pili mzee alimpigia gitaa. Shindano la mwaka ule lilifanyika kama kawaida. Mwajuma aliimba, na ubeti wa tatu ulipofika alinyamaza kabisa kwa muda ambao kikohozi kingechukua, kisha akaendelea. Jaji alimpa ushindi. Ukumbini baadhi walizomea, wakasema wameibiwa.

Asia hakutuma salamu kwa miezi tisa. Mwezi Machi uliofuata alikuja shuleni wakati wa mapumziko, akamwita Felista kibarazani. Alisema anajengea kaburi la mama, na anataka jina liandikwe kwenye saruji mbichi na mtu anayejua herufi.

"Mimi?" Felista aliuliza.

"Wewe. Nitakuwa nimesimama hapo."

Tulikwenda Madimba Ijumaa baada ya swala. Mzee Sudi ndiye aliyekoroga saruji, shati amevua, akigombana na watu kuhusu maji. Felista alipiga magoti na msumari mkononi. Asia alimtajia jina la mama yake kamili, la babu yake, na miaka, akarudia mara mbili ili asikosee. Kazi ilichukua karibu saa nzima. Felista alipomaliza herufi ya mwisho, Asia aliinama, akasoma yote kwa kidole bila kugusa, kisha akamwambia Felista anyanyuke, magoti yatamuuma.